Anunue Sasa au Angoje?

 

Juma hili sijibu suali jipya. Nalirudia suali nililoulizwa katika Mfungo Sita, siku chache kabla ya Maulidi, na mama mmoja wa mtaa wa Langoni, kwa kuwa jawabu nililompa siku ile lilikuwa na kasoro. Mwenye kutakwa shauri amewekewa amana, na amana iliyorudishwa pungufu haina budi kukamilishwa. Nimemwomba idhini ya kulieleza jambo lake hapa, naye ameniidhinisha kwa sharti nisimtaje. "Elezea, Maalim," aliniambia, "maana nyumba zenye suali hili ni nyingi, ila wenye nalo huona haya kukuuliza."

Mama huyu ana binti ambaye hupiga video katika shughuli za wanawake: usiku wa hina, siku ya kupamba, maulidi ya akina mama. Kupiga si tatizo, kamera anayo. Tatizo ni kazi ya baadaye, ya kuzikata picha, kuzipanga, kuzitia rangi na kuzitoa zikiwa filamu iliyokamilika. Kompyuta yao ni ya mezani, iliyokwisha tumika ofisini huko ng'ambo kabla ya kuletwa Mombasa na kuuzwa. Kwa kuandika barua yatosha kabisa. Kwa picha kubwa za siku hizi hukwama, ikatoa moto, ikajizima. Hivyo binti akawa hana njia ila kuzituma picha kwa mhariri wa kiume katika mji mwingine, azimalize yeye, kisha azirudishe.

Binti akasema dawa ni kadi ya grafiki. Mama alikuwa amepokea zamu yake ya chama, akazidisha na alichopata kwa kushona kofia. Akaja kuniuliza, je, tununue sasa, au tungoje bei ishuke? Nikamwambia, ngojeni.

Nieleze kwanza kwa nini nilisema hivyo. Nilikuwa nimesikia kutoka kwa vijana kwamba kila likija toleo jipya, la zamani hushuka bei. Nilikuwa nimesoma pia kwamba mwaka 2022 kadi hizi zilishuka sana, na waliokuwa na subira wakafaidika. Na kulikuwa na sababu ya tatu ambayo sikuisema siku ile, nami naisema leo: moyoni nilidhani kadi ya grafiki ni chombo cha michezo ya vijana. Sikuuliza zaidi. Nikaiita subira.

Sasa ni Rajabu. Harusi za kabla ya Ramadhani zimekaribia, na binti ameshachukua ahadi za kazi katika Shaabani. Mama aliuliza bei tena Mombasa, akaambiwa kadi ile ile imepanda kwa shilingi elfu nne, na kumbukumbu ya kompyuta aliyotakiwa kuongeza pamoja nayo imekaribia maradufu. Hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba katika muda huu wa kungoja, picha ya bibi harusi mmoja na mashoga zake, vichwa wazi, ilionekana katika simu ya kijana ambaye si maharimu wa yeyote kati yao. Ilitoka wapi, na mkononi mwa nani, mimi sikuhudhuria na sitamtuhumu mtu. Lakini ilipita katika njia ambayo kadi ile ingeifunga.

Wasomaji wetu wengi watataka kujua kadi hii ni kitu gani hasa. Mtazame fundi wa milango wa hapa kwetu. Yule bingwa anayechora nakshi na kukata maua ni mmoja, na akili ya kazi iko kwake. Lakini kupiga msasa kunaweza kufanywa na vijana ishirini kwa pamoja, kila mmoja na kipande chake. Ukimwachia bingwa apige msasa mlango mzima peke yake, ataumaliza, ila kesho kutwa. Kompyuta ina bingwa wake, ambaye ni prosesa. Kadi ya grafiki ni wale vijana wa msasa, tena si ishirini bali maelfu, kila mmoja akishughulikia nukta yake ya picha kwa wakati mmoja. Nayo ina kumbukumbu yake yenyewe, mbali na ile ya kompyuta. Michezo huitumia, ni kweli. Huitumia pia wahandisi wanaochora majengo, madaktari wanaosoma picha za mwili, na kila ahariye video.

Nije kwenye bei, kwa kuwa hapo ndipo niliposhikwa.

Mwezi Septemba 2020 kampuni ya NVIDIA ya Marekani ilitangaza kadi zake za RTX 30. Ile iitwayo 3080 ilitajwa kwa dola 699. Watu wa kawaida hawakuipata kwa bei hiyo. Ulikuwa wakati wa maradhi ya korona, viwanda havikutosheleza, watu wamefungiwa majumbani, na juu ya hayo wachimbaji wa sarafu za mtandao walizinunua kadi kwa wingi, kwani sarafu ya Ethereum ilichimbwa kwa kadi hizo hizo. Wako pia walionunua ili wauze tena kwa bei maradufu. Mwenye kungoja wakati ule aliteseka, lakini mwishowe alilipwa. Tarehe 15 Septemba 2022 Ethereum iliacha mtindo ule wa kuchimba, na kadi zilizokuwa zikifanya kazi usiku na mchana zikamwagika sokoni.

Kisa hicho ndicho nilichokuwa nacho kichwani. Sikujua kwamba mwishoni mwa 2025 upepo ulikuwa umegeuka. Makampuni makubwa yanajenga majumba ya kompyuta za akili bandia, na majumba hayo yanameza kumbukumbu kuliko viwanda vinavyoweza kutoa. Mwezi Desemba kampuni ya Micron ilitangaza kwamba itaacha kuuza bidhaa zake za Crucial kwa wateja wa kawaida, ili nguvu yake iende kwa wanunuzi wakubwa. Kadi ya grafiki haitengenezwi bila kumbukumbu. Aliyengoja safari hii, amengojea kupanda.

Na shilingi yetu nayo ina mambo yake. Mwezi Januari 2024 dola moja ilifika kiasi cha shilingi 160. Kabla mwaka haujesha ilikuwa imerudi karibu na 130. Kadi ile ile, kiwanda kile kile, bei ya dola ile ile, lakini mnunuzi wa Lamu akatofautiana na mwenziwe kwa sababu ya mwezi alionunua tu. Nani alijua? Mtume, rehema na amani zimshukie, alipoombwa na watu awapangie bei zilipopanda, alikataa, akawabainishia kuwa mpandishaji na mshushaji ni Mwenyezi Mungu. Hadithi hii imepokewa na Abu Daud na Tirmidhi kutoka kwa Anas. Nimeisomesha miaka mingi. Siku ile nilipomwambia mama angoje bei ishuke, nilizungumza kana kwamba nina habari za soko ambazo sikupewa.

Je, basi kungoja ni kosa? La. Sisi ni watu wa kungoja. Wazee wetu hawakwenda Uarabuni ila kwa kusi, na majahazi hayakuja ila kwa kaskazi. Nahodha aliyekaa bandarini miezi mitatu hakulaumiwa, kwa sababu alichokingoja kilikuwa na msimu unaojulikana, na wakati huo alikuwa akitia kalafati na kushona matanga. Kungoja kwa namna hiyo ni kazi. Lakini bei ya kadi haina kaskazi yake. Mtu akisema "nangoja ishuke", muulize: mpaka lini? Na isiposhuka siku hiyo, utafanya nini? Akikosa majawabu hayo mawili, huyo hangoji, amesimama tu.

Kuna kungoja kwenye haki katika jambo hili. Ikiwa kampuni imeshatangaza siku ya kutoa toleo jipya, na siku hiyo iko wiki sita mbele, na kazi yako haipotei, ngoja. Ikiwa pesa hazijatimia na ungelazimika kukopa kwa riba, ngoja, na usione haya. Ikiwa hujajua ni kitu gani hasa kinachoidhoofisha kompyuta yako, ngoja mpaka ujue. Hili la mwisho ndilo ningalimwuliza mama siku ya kwanza.

Maana tulipokaa juzi, mimi, mama, binti na mpwa wangu anayejua ufundi huu, mambo mengi yalifunuka. Kwanza, ingekuwa ni kompyuta ya mapajani, mjadala ungekwisha hapo hapo: nyingi za namna hiyo hazitiwi kadi, huja na kilichomo mpaka mwisho. Yao ni ya mezani, lakini ni ile nyembamba ya ofisini, na pawasaplai yake haizidi wati 300. Kadi aliyokuwa akiitamani binti, RTX 3060 yenye kumbukumbu ya gigabaiti 12, hula wati 170 peke yake, na mtengenezaji hushauri pawasaplai ya wati 550. Tena ni pana, kisanduku kile hakiipokei. Kumbe bei tuliyokuwa tukiihesabu tangu Mfungo Sita haikuwa bei ya kadi. Ilikuwa bei ya kadi, na pawasaplai, na kisanduku, na pengine kompyuta nzima.

Iko kadi ndogo zaidi, RTX 3050 ya gigabaiti 6, iliyotoka mapema 2024. Hula wati 70 tu, haihitaji waya wake wa umeme, na wako wanaoitengeneza kwa kimo kifupi kinachoingia katika visanduku vyembamba. Haina mbio za ile kubwa. Kwa filamu ya harusi yatosha. Binti alinyamaza kidogo alipoambiwa hivyo, kwa kuwa kijana huona unyonge kutajiwa kitu kidogo, kisha akauliza kama atatumia programu ya DaVinci Resolve, ambayo toleo lake la bure huegemea sana kadi ya grafiki. Mpwa wangu akamjibu kwamba atatumia, na akamfundisha hila moja ambayo haigharimu hata senti: kuifanyia kompyuta nakala nyepesi za picha, akate na kupanga kwa nakala hizo, kisha usiku, watu wamelala, aiache kompyuta itoe filamu kamili kutoka kwa picha za asili. Hila hiyo angaliijua tangu mwanzo, hata ile kompyuta ya zamani ingalimaliza baadhi ya kazi, na picha zisingalitoka nyumbani. Hapa naona kosa langu kuwa kubwa zaidi kuliko bei. Nilijibu suali la "lini" kabla ya kuuliza suali la "nini".

Sasa upande wa mkataba, kwani hapa wengi huteleza. Muuzaji wa Mombasa hakuwa na kadi hiyo dukani. Alitaka nusu ya pesa sasa, na nusu ya pili mzigo ukifika, "kwa bei itakayokuwepo siku hiyo". Huo haufai. Bei isiyojulikana huharibu biashara, na mama nimemwambia asiukubali. Sharia imetufungulia mlango wa bai ya salam: mnunuzi alipe thamani yote papo hapo, na bidhaa ije baadaye. Mtume alipofika Madina aliwakuta watu wakilipia tende kabla ya kuvunwa, mwaka mmoja na miwili, hakuwakataza, bali aliwataka kipimo kiwe kinajulikana na muda uwe unajulikana. Kwa hiyo iandikwe: jina la kadi, gigabaiti zake, kimo chake kifupi, mpya au iliyotumika, na tarehe ya kufika. Ama ile amana isiyorudishwa mnunuzi akighairi, ambayo wanazuoni huiita arbun, katika madhehebu yetu ya Shafi haisihi, ijapokuwa Hanbali wameiruhusu. Bora kujiepusha nayo.

Kulipa kwa mafungu kunajuzu kwa rai ya jamhuri ya wanazuoni, hata bei ya mafungu ikiwa kubwa kuliko ya taslimu, maadamu mmeafikiana bei moja kabla ya kuachana na haizidi tena. Ikiwa karatasi inasema ukichelewa utazidishiwa kila siku, hiyo ni riba kwa jina jengine. Msome, dada zangu, hata yale maandishi madogo ya chini.

Na iliyotumika? Inajuzu, na mara nyingi ndiyo iliyo karibu na mfuko wetu. Lakini kadi iliyochimba sarafu miaka miwili bila kupumzika si sawa na iliyokuwa nyumbani kwa mtu. Feni zake huchoka, na dawa ya kupitishia joto hukauka. Muuzaji anayejua historia hiyo akainyamazia ameficha kasoro, na mnunuzi akiigundua ana khiyari ya kuirudisha na kuchukua pesa zake. Wala asimwambie "mali ikishatoka haitoki tena" akadhani neno hilo limemwokoa. Yule aliyeweka nafaka kavu juu na yenye maji chini, kisa chake mnakijua.

Kuna aliyeniuliza kuhusu wale wanaonunua kadi nyingi ili wauze kwa bei ya juu wakati wa uhaba. Wanazuoni wa Shafi wamelifunga katazo la kuhodhi katika vyakula, kwa hivyo sitathubutu kutamka neno la haramu. Sitasema pia kwamba nawapenda.

Neno moja la zaka, kwa wanaongoja muda mrefu. Pesa ulizoziweka kwa ajili ya kadi, au cherehani, au mashine ya boti, zikifika nisabu peke yake au pamoja na akiba yako nyingine, na mwaka ukazipitia, zina zaka, hata kama umezikusudia kununulia chombo. Chombo chenyewe ukishakinunua kwa kufanyia kazi, hakina zaka.

Ama istikhara, mama aliniambia alisali mara mbili na hakuota kitu. Nimemwambia, hakuna aliyeahidiwa ndoto. Sala ile ni ya mtu aliyekwisha tazama, akauliza wajuzi, akaazimia, kisha akamkabidhi Mola wake lililobaki. Wajuzi ndio tuliokuwa hatujawauliza. Alikuwa ameniuliza mimi.

Basi jawabu langu la sasa, badala ya lile la kwanza, ni hili. Anunue sasa, ile ndogo, kwa pesa alizonazo, bila kuongezea kumbukumbu ya kompyuta mpaka atakapoona haja yake. Asinunue ile kubwa, wala kompyuta mpya, wala asikope. Kazi za Shaabani zinajulikana siku zake, na madhara ya kungoja yameshaonekana kwa macho. Ikishuka mwezi wa Mfungo Mosi, na ishuke. Atakuwa ameshaitumia katika harusi nane.

Kadi imelipiwa juzi Jumatatu kwa karatasi iliyoandikwa kama nilivyoeleza, na muda ni siku kumi. Itapanda gari mpaka Mokowe na kuvuka kwa boti, nayo imefungwa katika nailoni, kwa kuwa kaskazi ina mawimbi yake na maji ya chumvi hayana huruma na vitu hivi. Kisanduku kitafunguliwa mbele ya mpwa wangu, kadi itiwe na kujaribiwa kwa filamu nzima, kabla ya kumtumia muuzaji neno la kuridhika. Kompyuta imeondolewa dirishani upande wa bahari, na imetafutiwa betri ya kuilinda umeme unapokatika ghafla.

Binti naye ameandika sharti zake, na kila bibi harusi atapewa kabla ya kamera kuwashwa: picha zitahaririwa nyumbani, na yeye mwenyewe, mwenye shughuli atakabidhiwa filamu yake mkononi, katika diski, si kwa simu, na baada ya siku arubaini, zilizobaki katika kompyuta zitafutwa mbele ya mama yake. Yule bibi harusi ambaye picha yake ilitoka, tumekwenda kwao, mimi na mama, kumtaka radhi. Ametusamehe, ila baba yake bado hajasema neno.